Barua ya wazi: Mwekeni mkalimani wa lugha ya alama kwenye ikama ya shule

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI; Waziri mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma; Mkuu wa Mkoa wa Tanga; na wakurugenzi wa halmashauri zote 11 za mkoa wetu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Tanga mjini. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama katika shule moja ya sekondari inayopokea wanafunzi viziwi pamoja na wanaosikia. Shule sitaitaja, kwa sababu ninayoyaeleza si lawama kwa mkuu wa shule yangu wala kwa walimu ninaofanya nao kazi. Wengi wao wananisaidia kuliko walivyoagizwa na mtu yeyote. Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho awe amelipata: kila shule inayopangiwa wanafunzi viziwi iwe na mkalimani kwenye ikama yake, yaani orodha ya watumishi inaopangiwa na serikali, aajiriwe na kulipwa na serikali kama anavyoajiriwa mwalimu. Mtoto kiziwi anayepangiwa shule isiyo na mkalimani amepewa dawati, ila somo bado hajapewa.

Naomba kwanza niieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaifahamu kupitia lile dirisha dogo pembeni mwa televisheni wakati wa taarifa ya habari. Darasani ni kazi nyingine kabisa. Mtangazaji wa televisheni anasoma habari iliyokwisha kuandikwa, hageuki, haandiki popote, hamuulizi mtu swali. Mwalimu anayafanya hayo yote kwa wakati mmoja. Anaugeukia ubao, anaandika fomula huku anazungumza, anasema "hii ikija hapa, ile inatoka," anafuta, anauliza "tumeelewana?", darasa linaitikia, anasonga mbele. Mwanafunzi anayesikia hapo amekwishafanya mambo matatu kwa mpigo: masikio yamemfuata mwalimu, macho yameufuata ubao, mkono umeandika. Kiziwi ana macho tu. Akinitazama mimi, ubao unampita. Akiutazama ubao, maelezo yanampita. Akiinamia daftari, vyote viwili vimempita. Kipindi kikiisha ana nusu ukurasa wa notisi alizonakili kwa jirani yake, na hajui ni ipi kati ya sentensi hizo mwalimu aliisema mara tatu kwa sababu ndiyo yenye uzito.

Hapo ndipo ukalimani wa shuleni unapoanzia, kabla hata mkono haujanyanyuka. Nakutana na mwalimu siku moja kabla, ananionyesha andalio la somo, tunakubaliana alama za maneno mapya na wanafunzi wenyewe, kwa sababu wao ndio wenye lugha. Nasimama kando ya ubao, upande usio na dirisha, maana jua la Tanga likiwa nyuma yangu mikono inakuwa kivuli. Navaa nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yangu ili vidole vionekane. Mwalimu naye anajifunza kunyamaza anapoandika, kisha anageuka ndipo anaeleza. Ni kimya cha sekunde chache, hakihitaji bajeti, na walimu wengine wameniambia kimewafaa hata wanafunzi wanaosikia. Lakini mwalimu hawezi kukaa kimya kwa ajili ya mkalimani ambaye hayupo.

Kwenye maabara ya Kemia ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi. Kuna lile zoezi la kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye koki, hadi mchanganyiko ulio kwenye chupa ubadilike rangi. Mkono mmoja wa mwanafunzi uko kwenye koki, wa pili unaizungusha chupa taratibu, macho yamekaza kwenye rangi, kwa sababu inabadilika kwa tone moja. Rangi ikishapita imepita, ni kuanza upya. Mwalimu anapita kati ya meza anasema, "Polepole sasa, tone moja moja." Wenzake wanasikia bila kuinua vichwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, msichana hodari wa Kemia, kila mwalimu aliposema neno alilazimika kuyanyanyua macho anitazame, na rangi ilikuwa inabadilika dakika hiyohiyo. Tulikaa na mwalimu tukabadili utaratibu. Maelekezo yote yakawa yanatolewa kabla ya koki kufunguliwa, kwa darasa zima. Kisha nikawa nainama karibu na meza yake, mkono wangu ukiwa sentimita chache kutoka kwenye chupa, nampa alama ndogondogo za "polepole" na "simama" ndani ya upeo wa macho yake. Vipimo vyake vikatoka sawa na vya wenzake. Hakuongezewa kitu chochote zaidi yao, alifikishiwa tu kile ambacho wao walikuwa wanakipata bure.

Hata ushairi unawezekana. Tanga ni mji wa malenga, mtoto wa hapa anakua akisikia mashairi redioni na kwenye sherehe, ila si mtoto kiziwi. Kipindi cha Kiswahili kinapofika kwenye vina na mizani unaweza kudhani hapo hana lake, kwa kuwa vina ni sauti. Mwalimu wetu alichukua chaki za rangi, akapigia mstari silabi ya mwisho ya kila kipande: vina vya kati rangi moja, vya mwisho rangi nyingine. Mizani wakazihesabu kwa vidole silabi kwa silabi. Viziwi waliokuwa darasani walikitambua kina kilichopotea kwenye ubeti wa tatu kabla ya wengi wanaosikia, kwa sababu wao walikuwa wanatazama na wenzao wanategemea mazoea ya sikio.

Nimelieleza hili kwa urefu, Waheshimiwa, kwa sababu nikitaja ukalimani ofisini huwa naulizwa kama si walimu wa elimu maalumu ndio wenye kazi hiyo. Nawaheshimu sana walimu hao. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimetoa wengi, na hapa mkoani kwetu, Magamba, Lushoto, kulikuwa na Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa kilichojikita katika fani hiyo. Baadhi ya waliosoma pale nafahamiana nao. Mwalimu wa elimu maalumu kwenye kitengo cha shule ya msingi anafundisha kwa lugha ya alama moja kwa moja, darasa lake ni viziwi watupu, na hiyo ndiyo njia bora kwa watoto wadogo. Sekondari mambo yanageuka. Mtoto anaingia darasa lenye wanafunzi wengi wanaosikia, anafundishwa na mwalimu wa Fizikia asiyejua alama hata moja, halafu wa Jiografia, halafu wa Biolojia. Mwalimu mmoja wa elimu maalumu hawezi kuwa kwenye madarasa yote hayo. Na akiwa darasani anafasiri, hafundishi. Hizi ni kazi mbili. Mkifanya kazi mbili kuwa ya mtu mmoja, moja itakufa, na kwa ninavyoona inayokufa ni ile isiyo na jina kwenye ratiba.

Tena mkalimani mmoja hatoshi. Vipindi vya sekondari ni dakika 40, viwili vikiungana ni dakika 80. Kwenye mikutano mikubwa wakalimani huwa wawili na hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa kuwa kazi hii inachosha akili kabla ya kuchosha mikono: unasikiliza sentensi inayokuja huku unaitoa iliyopita kwa lugha yenye mpangilio mwingine kabisa. Mkalimani aliyechoka haonekani kuchoka. Mikono inaendelea kwenda, ila maana inapungua, na kiziwi anaona amepewa somo jepesi kuliko walilopewa wenzake bila kujua sababu.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na wawili, nayo ni nzito zaidi. Mimi ni mwanamume. Msichana kiziwi akiumwa tumbo la mwezi, akitaka kuongea na matroni, akipelekwa zahanati, akiwa na jambo la aibu au la jinai alilotendewa na mtu, maneno yake yanapita kwangu. Hana njia nyingine. Nimewaona wasichana wakiamua kunyamaza kwa sababu aliyekuwepo wa kuwafasiria alikuwa mwanamume, na siwezi kuwalaumu. Weka mwanamke na mwanamume kwenye shule moja, msichana huyo atasema. Ninyi mna mabinti, sihitaji kueleza zaidi ya hapo.

Sasa niseme kuhusu malipo, kwa ufupi. Ninalipwa na kile ambacho shule inaweza kukipata pamoja na michango ya hiari ya wazazi. Tangu ada ifutwe mwaka 2016, jambo ambalo limewafikisha shuleni watoto wengi wa maskini wakiwemo viziwi, shule haina mfuko ambao inaweza kuugeuza mshahara wa mtu asiyetambulika kwenye ikama. Mwezi ambao michango haikutimia nami nakosa. Wenzangu kadhaa wameondoka. Wengine walikuwa wanalipwa na miradi, mradi ukaisha na kazi ikaisha, wanafunzi wakabaki katikati ya kidato cha tatu. Mkono mtupu haulambwi, na siwezi kumwambia kijana mwenye familia abaki kwa mapenzi tu. Mimi nimebaki kwa sababu lugha hii ni ya nyumbani kwetu. Nilikulia Ngamiani na kaka yangu kiziwi, leo ni fundi cherehani anayetafutwa na watu kutoka Makorora hadi Chumbageni. Aliishia darasa la saba. Alifaulu Hisabati kuliko mimi, na kila nikimwona anakata kitambaa kwa jicho bila kupima mara ya pili nafahamu taifa lilipoteza nini pale sekondari ilipokosa mtu wa kumfasiria. Lakini Waheshimiwa, elimu ya watoto wa watu haiwezi kusimama juu ya bahati ya kwamba fulani alizaliwa na ndugu kiziwi.

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana kuna jambo lililo kubwa kuliko mimi na wakalimani wenzangu wote. Mkalimani anahamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mtoto asiye na lugha hana pa kuhamishiwa.

Watoto viziwi walio wengi wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Wengine wanapoteza usikivu wakiwa wadogo kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, kwa masikio yaliyotoa usaha muda mrefu bila tiba. Mzazi hajui lugha ya alama, jirani hajui, kijiji kizima hakijui. Mtoto anafika shule akiwa na miaka tisa au kumi, ana akili timamu na hana lugha ya mtu yeyote. Shule zinapofunguliwa Januari huwa naitwa kusaidia kwenye kitengo cha shule ya msingi siku wazazi wanapoleta watoto bwenini. Mama mmoja kutoka vijiji vya Kilindi alimleta mwanawe, akakaa nami kwenye benchi akanifundisha ishara za nyumbani kwao moja baada ya nyingine, kwa umakini, kama mtu anayekabidhi funguo. Kupiga bega mara mbili ni twende. Kidole shavuni ni bibi, kwa sababu bibi ana chale shavuni. Ngumi kifuani ni ng'ombe wa yule jirani anayewafukuza watoto, na pia ni hofu yoyote, maana kwa mtoto yule hofu na ng'ombe yule vilikuwa kitu kimoja. Zilikuwa ishara kidogo sana, karatasi moja ya daftari ilizitosha zote. Yule mama ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa anazijua zote, na jioni ile alikuwa anapanda basi kurudi kwao.

Mtoto yule alianza kujifunza lugha kwa mara ya kwanza kwenye umri ambao wenzake wanajifunza kugawanya sehemu. Akifika sekondari atanikuta mimi, au mwenzangu, tukifasiri Biolojia. Tutafasiri kwa uwezo wetu wote. Lakini ile miaka tisa ya mwanzo hakuna mkalimani anayeweza kuirudisha. Kwa hiyo ninapoomba ikama ya wakalimani naomba pia watu wazima viziwi waajiriwe kwenye madarasa ya awali, wakae na watoto, wawasimulie hadithi, wagombane nao, wacheze nao, kwa sababu lugha inapatikana kwa kuishi na wenye lugha. Na mama kama yule apewe nafasi ya kujifunza. Hata wiki moja wakati wa likizo, pale pale shuleni, chakula na malazi vikiwepo, ingempa maneno ya kumuuliza mwanawe ameota nini usiku.

Sikuleta ombi lisilo na msingi katika sheria zetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 2 ya mkataba huo inazihesabu lugha za alama kuwa lugha kamili, ibara ya 9 inawataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama, na ibara ya 24 inaitaka nchi iwezeshe watoto kujifunza lugha ya alama na iajiri walimu wanaoimudu, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma na wenzake na kupata huduma saidizi anazohitaji. Kwa mtoto kiziwi huduma saidizi ya kwanza ni mtu anayejua lugha yake. Majirani zetu wamekwenda mbali. Uganda waliiweka lugha ya alama kwenye Katiba yao ya mwaka 1995. Ukivuka mpaka pale Horohoro unaingia Kenya, nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ni mwendo mfupi kutoka Tanga mjini, watu wanakwenda na kurudi siku moja.

Na sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inayosema elimu ya lazima ni miaka 10. Naifurahia. Ila tafadhali itazameni kwa macho ya mtoto kiziwi. Zamani angeishia darasa la saba akaenda kujifunza ufundi kwa mtu, kama kaka yangu. Kwa sera hii atakwenda hadi kidato cha nne, na huko masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kwake Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya alama na Kiswahili cha maandishi, na kati ya Kiswahili na Kiingereza hakuna hata kimoja alichokipata kwa kusikia. Kumlazimisha mtoto miaka minne ya sekondari darasani bila mkalimani ni kumlazimisha kukaa akitazama midomo ya watu.

Kuhusu mitihani sina mengi. Baraza la Mitihani la Tanzania linawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na hilo ni jema. Ninachoomba ni kwamba msimamizi akitoa tangazo au sahihisho kwa mdomo, liandikwe ubaoni au mkalimani awepo. Pia wasahihishaji waelezwe jinsi kiziwi anavyoandika. Sentensi yake inaweza kukosa viambishi kwa sababu lugha ya alama haijengwi kwa viambishi, huku jibu lenyewe likiwa sahihi.

Najua hoja ya gharama itakuja, na itakuja na neno "ni wachache." Uchache wao unaweza kuwa sababu ya kulipanga jambo hili vizuri. Msiwatawanye viziwi mmoja shule hii, wawili ile. Mtoto kiziwi peke yake kati ya wanafunzi mia nne ni mpweke hata akiwa na mkalimani bora, kwa sababu mkalimani anaondoka saa tisa na nusu na bwenini hakuna wa kuongea naye. Chagueni shule chache katika mkoa, zenye bweni, moja ikihudumia Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani, nyingine Korogwe, Handeni na Kilindi, nyingine Lushoto na Bumbuli. Wakusanyeni hapo, wawe na wenzao, na muwape shule hizo wakalimani wa kutosha. Mtaajiri watu wachache kuliko mnavyodhani. Wengine wanaosomea elimu jumuishi wataona nimekosea, watasema kila mtoto asome shule iliyo karibu na nyumbani. Nalielewa hilo kwa mtoto mwenye ulemavu mwingine. Kwa kiziwi, nyumbani ni pale penye watu wanaotumia lugha yake.

Jambo la mwisho ni ubora, na hapa natahadharisha mapema. Nafasi zikitangazwa watajitokeza watu wengi waliosoma alama za salamu na herufi za vidole kwa wiki mbili. Mkuu wa shule hawezi kuwatambua, afisa elimu hawezi, mzazi hawezi. Mkalimani mbovu anayesikia anaonekana hodari mbele ya wote wanaosikia, mikono inakwenda kasi na inapendeza. Anayejua kwamba hasemi kitu ni kiziwi aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo pawe na cheti kimoja kinachotambuliwa na Utumishi, na kwenye meza ya wasaili wakae viziwi, wakiletwa na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wawe na sauti ya kumkataa mtu. Hata mimi nipimwe hapo. Aidha pawe na kanuni za maadili zilizoandikwa: mkalimani hatoi siri, hamjibii mwanafunzi, hapunguzi wala haongezi, na hatumwi kushika kipindi au kusimamia zamu wakati wanafunzi wake wanafundishwa. Walimu nao waelekezwe kuzungumza na mwanafunzi mwenyewe. Kila wiki naambiwa "mwambie huyu afanye kazi yake," na mtoto amesimama palepale, anaona wazi kwamba mwalimu ananitazama mimi.

Halmashauri zinaandaa bajeti zao kabla Bunge halijakaa kikao cha bajeti Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kidato cha kwanza wanaripoti Januari. Naomba maafisa elimu wa halmashauri zetu 11 waanze sasa kuhesabu wanafunzi viziwi waliopo darasa la mwisho la shule za msingi, ili idadi hiyo iwe mezani wakati ikama inapangwa, na Utumishi wapokee maombi ya kada hiyo kutoka mkoa wa Tanga kwa maandishi. Mkihitaji maelezo zaidi niiteni, katika ofisi yoyote kati ya hizi nilizoziandikia. Nitakuja na wanafunzi niliowafasiria darasani na wazazi wao, na kaka yangu akipata nafasi dukani kwake. Watazungumza wao, mimi nitafasiri.

Wenu katika kuwatumikia watoto hawa,

Mkalimani wa lugha ya alama,
Tanga